Gari kuchomoka lenyewe: ni breki, ni kompyuta au ni mguu?

Kila ikizunguka klipu ya gari dogo lililoparamia frem ya duka, watu wanaanza kubishana kabla hata vioo havijazolewa. Huyu anasema breki zimefeli, yule anasema hizi otomatiki zina kompyuta na kompyuta ikichanganyikiwa ndo matokeo yake, na lazima atokee mmoja wa kusema gari lina mambo yake, mwenye nalo aulizwe kalitoa wapi. Dereva mwenyewe kakaa kwenye ngazi ya duka anatetemeka, kila anayemuuliza anamjibu hilohilo: "Nilikanyaga breki, kadri nilivyokanyaga ndo likazidi kwenda."

Hapa Dodoma hii habari inatugusa sana. Tangu serikali ihamie huku gari zimeongezeka, na nyingi ni zile otomatiki ndogo zilizotumika Japani, IST, Passo, Vitz, Raum, halafu frem zetu kuanzia Nkuhungu, Area D mpaka Kisasa zimekaa kiasi kwamba unapaki pua ya gari inaangalia mlango wa duka, kati yako na meza ya muuzaji ni hatua nne tano. Gari likichomoka hapo hakuna muda wa kufikiri, unashtukia tu umeingia ndani na unga umekujaa kwenye boneti.

Sasa tuanze na kutenganisha mambo. Breki kufeli na gari kuchomoka ni vitu viwili tofauti ila sisi tunavitupa kapu moja. Breki kufeli ni lori limebeba mzigo linashuka Sekenke kule Iramba, dereva kashikilia breki mteremko mzima badala ya kushuka na gia ndogo, breki zimechemka mpaka hazishiki tena, na hapo kinacholisukuma lori ni uzito wake na mlima. Injini haina habari. Gari kuchomoka ni kinyume chake, injini ndo inavuta, tena inavuta kwa nguvu, wakati dereva hajaomba nguvu hiyo. NHTSA, ile mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa magari barabarani, ilipolichunguza jambo hili kwenye ripoti yake ya 1989 ilieleza hivi kwa ufupi: gari linapata nguvu kubwa bila kutarajiwa, likiwa limesimama au linatambaa, na inaonekana kama breki hazifanyi kazi. Hilo "inaonekana kama" wameliweka makusudi, tutalirudia.

Kwahiyo swali la kwanza kumuuliza shuhuda ni je injini ilikuwa inanguruma? Kama gari liliserereka kimyakimya, hiyo ni habari ya breki au handbreki. Kama lilinguruma "wooo" kisha likaruka, tuendelee.

Ili injini ya petroli ingurume lazima iingize hewa nyingi. Ndani ya throto, yaani mlango wa hewa wa injini, kuna kijisahani kinachofunguka na kufunga, ukikanyaga mafuta kinafunguka, hewa inaingia, petroli inaongezwa kulingana na hewa. Gari za zamani pedeli inavuta waya wa chuma ambao unavuta kile kijisahani moja kwa moja. Gari za baadaye hazina waya huo, pedeli ina sensa inayopeleka taarifa kwenye kontroli boksi, ndo hiyo kompyuta ya gari, halafu kimota kidogo ndo kinafungua. Hapa ndo watu wanapoogopa, wanasema sasa si umeme ukikorofisha inafungua yenyewe? Waliounda walilifikiria hilo, pedeli inawekwa sensa mbili zinazosoma kitu kimoja kwa njia tofauti, zikipishana kontroli boksi haimwamini yeyote, inawasha taa ya injini na kulikata gari nguvu. Ndiyo maana gari lenye ubovu wa pedeli mara nyingi mwenye nalo analalamika kwamba limekuwa zito, unakanyaga haliitiki, linapanda kile kilima cha UDOM kama limebeba tofali.

Je ina maana mashine haina kosa? Hapana, mashine ina makosa yake na mengine yameua watu.

Agosti 2009 karibu na San Diego kule California, Lexus ES 350 (Lexus ni za Toyota) ya kuazima kutoka kwa muuza magari ilikimbia bila kushikika, aliyekuwa anaendesha alikuwa askari wa barabarani mwenye uzoefu, yeye na watu watatu wa familia yake wakafa. Kilichokutwa ni kapeti. Gari lilikuwa limewekewa kapeti la mpira la modeli nyingine, kubwa kuliko linavyotakiwa, pedeli ya mafuta ikanasa kwenye ukingo wake. Baada ya hapo Toyota ikarudisha mamilioni ya magari, yaani ikayaita yaletwe kurekebishwa, kwa ajili ya makapeti, na Januari 2010 ikarudisha mengine milioni 2.3 kwa tatizo lingine kabisa, pedeli zilizokuwa zinakwama au kurudi taratibu. Rais wa kampuni wakati huo, Akio Toyoda, akaitwa mpaka kwenye bunge la Marekani kujieleza, na 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa sababu ilipotosha wateja kuhusu hayo matatizo.

Na isidhaniwe ni mambo ya zamani tu. Aprili 2024 Tesla ilirudisha pikapu zake za umeme, Cybertruck 3,878, kwa sababu kile kifuniko cha pedeli ya mafuta kilikuwa kinachomoka na kunasa kwenye plastiki ya juu, na chanzo kilikuwa sabuni iliyopakwa kiwandani ili kifuniko kiingie kirahisi. Gari la bei ile, linaangushwa na sabuni!

Sasa rudi kwenye gari zetu. Kapeti ndo jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alitazame kesho asubuhi. Dodoma ina vumbi, na kwa sababu ya vumbi watu wanaweka kapeti juu ya kapeti. Kuna siku nilikuwa gereji moja ya Chang'ombe, fundi kafungua mlango wa Passo iliyoletwa kwa sababu "inavuta yenyewe", akaanza kutoa vitu miguuni kwa dereva: kipande cha boksi walichoweka vijana wa kuosha gari, chini yake kapeti la mpira la kununua barabarani, chini yake tena lile kapeti la Japani lenye matundu mawili ya kulabu, na kulabu zenyewe zipo pale sakafuni hazijashika kitu. Akarudisha lile la mpira kama lilivyokuwa, akasukuma pedeli ya mafuta kwa mkono mpaka chini, akaachia. Pedeli haikurudi. Ukingo wa kapeti ulikuwa umeikumbatia. Injini ilikuwa imezimwa, kwahiyo hakuna kilichonguruma, lakini mwenye gari alinyamaza muda mrefu kidogo.

Ukiacha kapeti kuna chupa ya maji inayobingirika mpaka chini ya breki, kuna viatu virefu ambavyo dada kavivua ili aendeshe vizuri akaviweka palepale miguuni, kuna ndala inayokunjika, kuna waya wa mafuta ulioanza kuchakaa na throto iliyojaa masizi kiasi kwamba kijisahani kinagoma kurudi. Hivi vyote ni vya kuonekana kwa macho, havihitaji mashine ya kupima.

Upande wa programu ya kompyuta mabishano yamekuwa makubwa. Serikali ya Marekani iliwapa wahandisi wa NASA, shirika lake la anga, kazi ya kuchunguza mfumo wa umeme wa mafuta kwenye Toyota, wakakaa nayo miezi kumi, na Februari 2011 matokeo yakatoka: hawakukuta hitilafu ya umeme inayoweza kufungua throto mpaka mwisho kwa namna walivyoeleza madereva. Wengi wakadhani mjadala umeisha. Lakini Oktoba 2013 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani kule Oklahoma, kwenye kesi ya Camry ya 2005 iliyopata ajali 2007 na kuua abiria, liliwasikiliza wataalamu waliopekua programu ya gari hilo wakasema ina udhaifu, na likaamua kampuni inawajibika. Kwahiyo anayekwambia "kompyuta haiwezi kukosea" anazidisha, ila anayekwambia kila IST iliyoingia dukani ni kompyuta anazidisha zaidi, maana huko walikochunguza gari moja baada ya jingine, kitu kilichojitokeza mara nyingi kuliko vyote ni mguu.

Hapa watu wanakasirika. Mtu ana leseni miaka 20, unamwambiaje alikanyaga mafuta akidhani ni breki? Lakini hebu tufikirie. Mguu wako haujui kusoma. Unapokanyaga breki huangalii chini, mwili unakumbuka tu mahali, na kumbukumbu hiyo inategemea umekaaje. Ukigeuka kuangalia nyuma wakati wa rivasi, nyonga inazunguka na mguu unahama bila wewe kujua. Ukinyoosha mkono kuchukua tiketi au kumpa mtu chenji dirishani, hivyohivyo. Mtaalamu wa mambo ya mwili na akili, Richard Schmidt, aliandika kuhusu hili mwaka 1989, kwamba mguu unaweza kukosea sentimita chache huku akili ikiwa na uhakika kabisa kwamba uko sahihi. Na kwa kuwa akili ina uhakika, gari likiruka mtu anafanya kile ambacho yeyote angefanya: anakandamiza zaidi "breki". Ndo ile "kadri nilivyokanyaga ndo likazidi". Hajadanganya, anasimulia alichokihisi.

Ila mara nyingine mashine inaanzisha na mguu unamalizia, na hili kwangu ndo jambo la maana kuliko mengine yote. Miaka ya 1980 Audi 5000 ilipata sifa mbaya Marekani kwa kuchomoka. Kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS kikarusha habari yake Novemba 1986, na katika habari hiyo wakaonyesha pedeli ya mafuta inashuka yenyewe, baadaye ikajulikana giaboksi ya gari lile ilikuwa imetobolewa na kupulizwa hewa ya presha ili pedeli ishuke. Mauzo ya Audi yakaporomoka, kutoka magari kama 74,000 mwaka 1985 mpaka kama 12,000 mwaka 1991. Ile ripoti ya 1989 niliyoitaja ikasema sehemu kubwa ni watu kukanyaga pedeli isiyo yenyewe, lakini ikaongeza kwamba kifaa cha kurekebisha sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, kilikuwa kinaweza kukorofisha na kuipandisha ghafla, sio sana, kiasi cha kumshtua dereva tu. Akishtuka anakimbilia breki, mguu unatua pengine, basi.

Chukua hilo ulilete hapa kwetu mwezi wa saba asubuhi, ule upepo wa baridi unaouma masikio. Umewasha gari, injini baridi inapandisha sailensi yenyewe, ndo ilivyotengenezwa. Hujasubiri ishuke, umeingiza D, gia ya kwenda mbele, gari linajivuta mbele kwa nguvu kuliko ulivyozoea. Au mchana wa jua kali umewasha AC, compresa inaingia, gari linajitingisha. Kwa mzoefu si kitu. Kwa mtu aliyejifunzia gari la manyuo chuoni, kazoea kwamba ukiacha klachi vibaya gari linazima lenyewe, kisha kanunua otomatiki mwezi uliopita, ule mtikisiko mdogo unatosha. Manyuo inakusamehe kwa kuzima. Otomatiki ikiwa D inatambaa hata hujakanyaga kitu, na ukikosea inakubali amri yako mpaka mwisho.

Ndo maana baada ya yale ya Audi ikaja ile tabia ya otomatiki kukataa kutoka P, gia ya kupaki, mpaka ukanyage breki. Inalazimisha mguu uanzie sehemu sahihi. Swichi ya taa za breki ikifa gari linagoma kutoka P, na kuna watu badala ya kubadilisha hiyo swichi ya bei rahisi wanazoea kubonyeza kile kitufe cha pembeni ya gia kila siku, au fundi wa umeme anauondoa mfumo mzima. Hapo umejitolea kinga mwenyewe, na taa za breki nyuma haziwaki pia.

Hizo taa zikumbuke unapoangalia klipu. Kabla hujachangia "breki zimefeli", rudisha nyuma, angalia taa nyekundu za nyuma wakati gari linachomoka. Taa ya breki inawashwa na pedeli yenyewe, haijali kama breki zinashika au la. Kama zinawaka na gari linakwenda, dereva ana kesi ya kusikilizwa. Kama haziwaki, na ni nzima, mguu haukuwa kwenye breki. Huko nje siku hizi gari nyingi zina kifaa kinachohifadhi sekunde chache za mwisho kabla ya kugonga, kinaonyesha mafuta na breki vilikanyagwaje, huku kwetu kwa kawaida tunabaki na kamera ya duka la jirani, na inatosha kuliko maneno.

Swali linalofuata kila mara ni hili: hivi breki inaweza kuishinda injini inayonguruma? Inaweza. Jarida la Car and Driver la Marekani lilijaribu na Camry ya V6, mwendo kama kilomita 112 kwa saa, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, wakakandamiza breki juu yake, gari likasimama ndani ya mita kama 58. Bila mafuta ilikuwa kama mita 53. Tofauti ni urefu wa gari moja na kidogo.

Ila kuna mtego, na unawapata wale wanaopampu. Breki ya gari dogo inasaidiwa na busta, na busta inatumia mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Chukua mrija wa soda, ziba ncha kwa kidole, vuta, mashavu yanaingia ndani. Toa kidole, vuta tena, hewa inapita tu, hakuna mvuto. Throto ikiwa imefungwa injini inavuta kama umeziba mrija, busta inapata nguvu. Throto ikiwa wazi kabisa ni kama umetoa kidole, busta inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili hivi. Ukikanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, unaimaliza, breki inakuwa ngumu kama jiwe, na kwa mtu aliye kwenye hofu breki ngumu ni "breki imekataa". Kwahiyo ni mara moja, kwa nguvu zote, unashikilia, hata kwa miguu miwili.

Palepale sukuma gia iende N, ile tunaiita frii. Injini itapiga kelele ya kutisha na utadhani inapasuka, iache, gari nyingi za kisasa zina kikomo zinajizuia zenyewe, na hata ikiharibika injini inanunulika pale Dar au Dodoma hapahapa. Gari likishasimama ndo unazima. Watu wengi wanaogopa kuzima njiani wakisema usukani unajifunga, ukweli ni kwamba unajifunga ukirudisha funguo mpaka mwisho au kuichomoa, ukiishusha hatua moja tu injini inazima na usukani unabaki huru ila unakuwa mzito. Gari za kitufe usibonyeze mara moja kama unavyozima ukiwa umepaki, kwa Toyota nyingi ukiwa kwenye mwendo unashikilia sekunde kama tatu, jaribu kukumbuka hilo sasa hivi ukiwa umetulia maana siku ya tukio hutakumbuka. Handbreki usiitegemee peke yake, mara nyingi inashika matairi ya nyuma tu na haina ubavu mbele ya injini inayovuta.

Wenye dizeli za turbo nao wana kisa chao ambacho kinafanana kwa nje tu. Turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini, ikichoka inavujisha oili kwenye njia ya hewa, injini inaanza kuchoma oili yake yenyewe kama mafuta, inapanda, moshi umejaa barabara nzima, unazima swichi na bado inanguruma. Hapo funguo haisaidii kwa sababu haitumii tena mafuta ya tenki. Ukiwa na manyuo, simamisha gari, ingiza gia kubwa, shikilia breki kisawasawa na uachie klachi ili izimike kwa kulazimishwa. Ya otomatiki mafundi wanaziba njia ya hewa kwa kitu kigumu, sio kwa mkono na sio kwa kitambaa, maana ikishavuta inavuta kweli. Ukiona imeshapanda sana shuka ukae mbali.

Kuhusu "gari lina mambo yake", naona tuwaachie wanaouza hirizi. Na ile ya kwamba ni kosa la wanawake na wazee, mguu kukosea hutokea kwa kila mtu, ingawa kwa wazee sana kujirekebisha kunachelewa. Japani wanalijua hilo vizuri, Aprili 2019 pale Ikebukuro, Tokyo, dereva wa miaka 87 alimuua mama na mtoto wake kwa kukanyaga mafuta badala ya breki, na sasa wameamua kwamba kuanzia Septemba 2028 gari mpya ndogo za otomatiki lazima ziwe na mfumo unaokata nguvu mtu akikanyaga mafuta ghafla huku mbele kuna ukuta au gari. Zitatufikia huku zikiwa zimeshachoka kidogo, kama kawaida yetu.

Kama limekutokea na mko salama wote, kabla vijana hawajaja kulivuta gari na kabla hujaanza kusafisha, washa tochi ya simu upige picha pale miguuni: kapeti limekaaje, kuna nini chini ya pedeli, gia iko wapi. Kisha bonyeza pedeli ya mafuta kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, uone kama inarudi juu yenyewe. Gari likishafika gereji, kitu cha kwanza fundi anachofanya ni kutoa kapeti akalikung'ute nje.